Beringi ya Gurudumu la Kulia

Mama Pacha ndiye aliyeanza kuisikia. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, anatoka kupeleka sare kumi na mbili alizoishonea shule ya jirani, gari tupu, dirisha limeshushwa nusu. Alipomaliza ile barabara ya vumbi na kushika lami, sauti ikaanza: nzito, ya chini, kama mashine ya kusaga nafaka inayofanya kazi mtaa wa pili. Akapunguza mwendo, nayo ikapungua. Akaongeza, ikaongezeka. Akapandisha dirisha akidhani ni upepo, ikabaki naye mle ndani.

Mwanamke huyu alikuwa amekalia cherehani kwa miaka thelathini na moja. Cherehani yake ikianza kukosa mafuta alijua kabla hata uzi haujakatika. Kwa hiyo sauti ile haikumpa raha. Alifika nyumbani, akaegesha gari chini ya kibanda cha mabati, na bila hata kuvua viatu akaenda nyuma ya nyumba, ambako mumewe alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Baba Pacha, gari linanguruma."

"Gari lina nini?"

"Linanguruma. Huko mbele, kwenye magurudumu."

Mumewe akapuliza vumbi la mbao kwenye mpini. "Ni barabara tu hiyo. Lami imejaa viraka, tairi lisilalamike kwa nini?"

Angekuwa mume mwingine, jambo lingeishia hapo. Lakini huyu alikuwa Fundi Sikio. Jina hilo alipewa akiwa bado kijana, na likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Watu walimletea magari yaliyowashinda mafundi watatu. Yeye hakuwa na haraka ya kufungua kitu. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, kisha akasema: ni vali ya tatu. Wakifungua, ni vali ya tatu kweli. Wapo walioapa kwamba aliwahi kulitambua gari kwa mlio likiwa bado halijakata kona, akataja na ugonjwa wake. Hapo labda walitia chumvi, lakini si nyingi.

Miaka miwili nyuma aliwaachia gereji vijana aliowafundisha. Mgongo, aliwaambia watu. Mgongo umekataa kuinama. Tangu hapo alishinda nyumbani akichonga mipini, akizibua mabomba na kuirekebisha milango ambayo haikuwa na shida yoyote.

Wiki hiyo gari lilikuwa na kazi kubwa. Binti yao, yule pacha mkubwa, alikuwa amejifungua mtoto wa kike wiki tatu zilizopita, katika mji ulio mwendo wa saa sita. Ndiye mjukuu wao wa kwanza. Waliahidi kwenda kumwona Jumamosi, na tangu ahadi hiyo itolewe Mama Pacha alikuwa ameshashona vigauni vinane, vingine vya mtoto wa mwaka mzima, maana mikono haikutaka kutulia.

"Siwezi kwenda mwendo wa saa sita na ngurumo ile," alisema Jumanne.

"Basi twende nikaisikie hiyo ngurumo yako."

Wakatoka, mume kwenye usukani. Walipofika kwenye lami sauti ikaja kama kawaida. Mama Pacha akamgeukia, akimngojea akunje uso, ainamishe kichwa upande ule kama alivyozoea kumwona. Mumewe aliendesha ametulia kama mtu aliye sebuleni.

"Unaisikia?" akauliza.

"Eh?"

"Nasema, unaisikia?"

"Sisikii kitu cha ajabu. Gari zima hili."

Jumatano, kwa kumridhisha mkewe, alifanya jambo la kifundi. Alibadilisha matairi, ya mbele akayapeleka nyuma na ya nyuma akayaleta mbele. Akamweleza huku akikaza nati: kama kelele ni ya tairi, itahamia nyuma pamoja na tairi. Kama si ya tairi, itabaki pale pale. Maelezo hayo yalikuwa sahihi kabisa, na Mama Pacha akafurahi kwamba hatimaye jambo linashughulikiwa.

Wakatoka tena. Sauti ilikuwa mbele. Haikusogea hata kidogo, na kama kuna lililobadilika basi ilikuwa imeongezeka kuliko jana. Hata wakiongea ilibidi wapandishe sauti.

Fundi Sikio alimgeukia mkewe, akatabasamu. "Umeona? Imekwisha. Yalikuwa matairi."

Mama Pacha akamtazama mumewe kwa upande: ndevu zilizoingia mvi, mikono miwili juu ya usukani, uso umeridhika. Hakuwa anatania. Alikuwa amekaa ndani ya kelele ile wala hakuisikia.

Jioni hiyo alipokuwa akikunja nguo, mambo yalianza kumjia moja baada ya jingine. Redio ilivyokuwa ikipiga kelele hadi jirani akauliza kama kuna sherehe. Simu zilivyokuwa zikiita, mumewe akimpa yeye: "Ongea wewe, mikono yangu ina grisi," na mikono yenyewe mikavu, imetoka kuoshwa. Na siku ile binti yao alipopiga kutoka hospitali. Mama Pacha alitoka chumbani akisema, "Mtoto ana kilo tatu na nusu," na mumewe akainuka kitini ameshtuka: "Kilio cha nini tena? Si amesema mtoto mzima?" Walicheka sana siku ile. Hakuna aliyefikiri zaidi.

Alhamisi asubuhi mumewe alikuwa anafuta kioo cha gari cha mbele. Mama Pacha alisimama nyuma yake, hatua kama nne, kikombe cha chai mkononi. Akajiuliza kama anamtendea haki. Kisha akapiga moyo konde, akasema kwa sauti yake ya kila siku:

"Baba Pacha, nyumba inaungua."

Kitambaa kiliendelea kuzunguka kwenye kioo.

"Inaungua yote," akaongeza. "Na kitanda nimekiuza."

Mumewe aliona kivuli cha midomo ya mkewe kikicheza kwenye kioo. "Kweli kabisa," akajibu kwa upole. "Ni kweli kabisa."

Mama Pacha aliweka kikombe juu ya boneti, akazunguka mpaka akawa mbele yake, akamwangalia usoni. Mumewe akausoma uso ule. Ndoa ya miaka thelathini na minne inafundisha kusoma.

"Umesema nini?" akauliza.

"Nimesema nyumba inaungua."

Fundi aliigeukia nyumba. Haikuwa na shida. Akamrudia mkewe, akakunja kile kitambaa mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama kiberiti. Halafu akakaa kwenye kigogo alichokuwa akichongea mipini.

"Tangu lini?" Mama Pacha akauliza, safari hii kwa sauti ya juu, akiwa amechuchumaa mbele yake.

"Lile la kushoto limekwenda zamani. La kulia lilianza mwaka ule wa mwisho gereji." Akakikunjua kile kitambaa. "Nilimwambia mtu gari lake zima. Kesho yake injini ikamfia njiani. Ilikuwa inagonga, Mama Pacha. Kila mtu pale aliisikia isipokuwa mimi. Wakanitazama wakidhani nimejua kitu ambacho wao hawakijui."

"Kwa hiyo si mgongo."

"Mgongo hauna shida yoyote."

"Mwaka wa pili huu nakukanda mgongo kila jioni."

"Najua."

"Na mafuta ya moto."

"Najua. Niliona haya kukukataza."

Mama Pacha alitaka kukasirika. Alijaribu kweli. Lakini alipofikiria zile jioni zote, yeye anakanda kwa bidii na mume anaguna kama mgonjwa, akaanza kucheka, na akishaanza huwa hana breki. Mumewe alimtazama kwa wasiwasi mwanzoni. Kisha mabega yake nayo yakaanza kutikisika. Walicheka mpaka Fundi akajifuta machozi kwa kile kitambaa cha kioo, na uso ukabaki na mstari mweusi.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" akamuuliza walipotulia.

"Ningeanzaje? Watu wananiita Sikio."

"Mimi sikuolewa na sikio."

Fundi aliinamisha kichwa, akaupeleka mkono wake ukashika wa mkewe. Wakakaa hivyo kidogo, chai ikapoa juu ya boneti.

"Sasa niambie ukweli," akasema mwishowe. "Ile sauti ipo?"

"Ipo. Mbaya."

Akasimama. Na hapo Mama Pacha aliona kitu ambacho hakuwa amekiona kwa miaka miwili: mumewe alikunja mikono ya shati. "Basi utasikiliza wewe, na mimi nitauliza. Ingia upande wa abiria. Usinifiche hata kidogo, hata ukiona ni upuuzi."

Kwenye lami akaanza kumhoji kama daktari. Inaanza kwenye mwendo gani? Ni ya kunguruma mfululizo au ya kugonga? Nikitoa gia, injini ikapumzika, inakatika?

"Haikatiki," Mama Pacha akasema kwa nguvu. "Inaendelea vile vile."

"Basi si injini. Nikikanyaga breki kidogo?"

"Hivyo hivyo."

"Si breki. Sasa sikiliza sana." Barabara ilikuwa tupu, pana. Alilipeleka gari kushoto kwa upole, kama anayekwepa shimo, kisha akalirudisha kulia. "Wapi inazidi?"

"Rudia."

Akarudia. Mama Pacha alikuwa amefumba macho. "Ukienda kushoto inapiga kelele. Ukienda kulia inanong'ona."

Mumewe akapiga usukani kwa kiganja. "Gari likikata kushoto, uzito wote unalalia kulia. Lililobebeshwa ndilo linalolia. Gurudumu la mbele, kulia. Beringi, ile pete ya gololi inayobeba gurudumu." Akamwangalia mkewe kwa furaha ya wazi. "Nina vijana niliowafundisha miaka sita, hawajawahi kunijibu vizuri hivyo."

Mama Pacha alijifanya hakusikia, lakini alikaa wima zaidi kitini.

Nyumbani Fundi akaliweka gari kwenye jeki na kulisimamisha juu ya stendi za chuma. Alishika gurudumu la kulia kwa mikono miwili, mmoja juu, mmoja chini, akalitikisa. Kulikuwa na mchezo mdogo mle ndani, kama jino linaloanza kulegea. Alitikisa tena. Kisha akasita.

"Zamani hapa ningezungusha gurudumu nikasikiliza," akasema. "Inakuwa na mkwaruzo."

"Zungusha, nisikilize mimi."

"Ngoja."

Alipitisha mkono wa kushoto nyuma ya gurudumu, vidole vikakumbatia springi, na kwa mkono wa kulia akalizungusha gurudumu polepole. Akafumba macho. Mama Pacha, aliyekuwa amepiga magoti pembeni, aliona uso wake ukibadilika. Ule utulivu wa kale ulirudi, ule wa bisibisi sikioni.

"Mchanga," akasema. "Kuna mchanga unatembea." Akafumbua macho. "Lete mkono wako."

Akauongoza mkono wa mkewe mpaka kwenye springi, akazungusha. Mama Pacha aliupata mtetemo ule vidoleni, mkavu, wenye chembechembe, kama mtu anayeburuta gunia sakafuni. Wakahamia upande wa kushoto kulinganisha. Springi ya huko ilikuwa tulivu kabisa, gurudumu linazunguka kana kwamba linaelea.

Fundi alirudi upande wa kulia, akalizungusha tena gurudumu bovu, na tena, bila sababu ya kifundi. Alikuwa na raha tu.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili nimekaa nachonga mipini."

Ijumaa ndiyo ikawa siku ya kazi. Gari likiwa limeshushwa chini, kwanza kulikuwa na nati kubwa iliyo katikati ya gurudumu, ile inayoshikilia shafti, fimbo ya chuma inayolizungusha. Ilikuwa imekula kutu na kukaza kabisa. Mama Pacha alikanyaga breki, mumewe akavuta spana, akaongezea bomba refu kwenye mpini, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nati haikutikisika.

"Tubadilishane," Mama Pacha akasema, akishuka.

"Mama Pacha, hii inataka nguvu."

"Inataka uzito. Na kwa uzito, tuseme ukweli, nimekuzidi tangu tuzae."

Mumewe akaingia kukanyaga breki. Mama Pacha alifunga kitenge kiunoni, akashika paa la gari, akapanda juu ya lile bomba kwa miguu miwili na kujidundisha mara moja. Kitu kikalia kwa sauti kali, bomba likashuka naye, akatua chini kwa miguu yake, nywele zimetoka kwenye kilemba. Mumewe hakusikia mlio, lakini gari zima lilishtuka chini yake, naye akatoa kichwa dirishani.

"Imevunjika au imefunguka?"

"Imefunguka."

"Na wewe?"

"Mimi nilifunguka zamani."

Baada ya hapo mikono ya fundi ilienda yenyewe. Gurudumu likatoka. Breki akaifungua na kuitundika kwa waya, isije ikaning'inia kwenye mpira wake ikauumiza. Ikafuata diski, kisha kile kipande kizima cha chuma kinachobeba beringi. Kila bolti iliyotoka aliipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa kutoka. Mama Pacha alizifuta moja moja, naye akagundua kwamba kazi hii haikuwa mbali sana na yake: unafumua kwa utaratibu ili uweze kushona tena.

Beringi haing'oki kwa nyundo tu, inahitaji mashine ya kukandamiza. Mashine hiyo ilikuwa kwenye duka la spea la mdogo wake Mama Pacha, mtu mnene, mcheshi, ambaye alimtania shemeji yake tangu siku ya posa na hakuwahi kupumzika. Walikwenda kwa miguu, kile chuma kimefungwa kwenye gunia, kila mmoja ameshika upande wake.

"Jamani," shemeji akasema alipowaona. "Mmeiba gurudumu la nani?"

Waliweka mzigo juu ya meza. Dukani kulikuwa na harufu ya mpira na mafuta, na maboksi yamepangwa mpaka darini. Shemeji akapanda ngazi, akateremka na beringi mpya kwenye karatasi yake yenye mafuta. Fundi aliipima kwa nje na kwa ndani, akailinganisha na ya zamani, akaridhika.

Walianza kuitoa ile mbovu. Ilipotoka, nusu ya pete yake ya ndani ilibaki imeng'ang'ania kitovu cha gurudumu, ikabidi Fundi aikate kwa uangalifu na kuipasua kwa tindo bila kugusa chuma cha chini. Kisha akaivunja ile beringi nzee, akammiminia mkewe gololi zake kiganjani. Grisi ilikuwa imegeuka uji mweusi. Gololi zilikuwa na vidonda, zimedonoka kama mahindi yaliyoliwa na wadudu.

"Maji yaliingia," akasema. "Yale mafuriko ya njia ya sokoni. Ndiyo haya uliyoyasikia tangu Jumatatu."

Mama Pacha alizizungusha gololi kwa kidole gumba. Alijisikia kama mtu aliyeshtakiwa kwa uzushi na sasa ameshika ushahidi mkononi.

Ikabaki kuingiza mpya, na hapo ndipo pagumu. Fundi aliweka pete ya chuma juu ya ukingo wa nje wa beringi. "Sukuma ya nje tu," akamwelekeza shemeji aliyeshika mkono wa mashine. "Ukisukuma ya ndani, gololi zinaumia kabla hazijatembea hata mita moja." Beringi ikifika mwisho, mlio wa mashine hubadilika. Fundi yeyote hungoja mlio huo, anasimama. Akipitiliza, anaharibu. Fundi Sikio alimtazama mkewe. Mkewe akasogea karibu, akainamisha kichwa kwenye mashine, akainua mkono mmoja hewani.

Shemeji alianza kupampu, macho yanahama kati ya dada yake na shemeji yake. Beringi ikashuka kwa kulalamika, taratibu, imenyooka. Kisha mlio ukageuka, ukawa mfupi, mzito. Mama Pacha akashusha mkono.

"Simama," Fundi akasema.

Shemeji alisimama. Dukani hakukuwa na wateja. Fundi alifuta mikono yake kidole kwa kidole. Angeweza kuligeuza jambo kuwa mzaha. Badala yake alimtazama shemeji yake moja kwa moja.

"Shemeji, mimi sisikii vizuri. Mwaka wa tatu sasa. Nikisikia, nasikia nusu."

Shemeji akakuna kidevu. "Mimi nilijua."

"Ulijua?"

"Mwaka jana nilikutukana ukiwa umenipa mgongo. Tusi zito, nilikuwa nimelihifadhi. Hukugeuka. Nikajiambia, ama mtu huyu ameokoka, ama sikio limekufa."

"Na hukusema," Mama Pacha akamkaripia.

"Dada, ningesema ningepoteza starehe." Kisha uso wake mnene ukalainika, akamshika shemeji yake begani. "Kuna hospitali wana vile vifaa vya kuweka sikioni. Mwenye nyumba wangu anavyo. Siku hizi anasikia hata nikikaribia na visingizio vyangu vya kodi. Nitawapeleka mimi mwenyewe."

"Ukinipeleka, utaacha kunitukana?"

"Nitakutukana usoni, kwa heshima."

Fundi akacheka, na Mama Pacha alimwona akivuta pumzi ndefu kama mtu aliyeshusha mzigo wa mbali. Wakarudisha kitovu cha gurudumu ndani ya beringi, safari hii pete ya ndani ikiwa imeegemezwa kwa chini. Fundi akakizungusha kwa kidole kimoja. Kilizunguka kimya, kwa ulaini wa kitu kipya.

Kufunga kulikwenda haraka kuliko kufungua. Bolti zilitoka kwenye gazeti moja baada ya nyingine mpaka gazeti likabaki na habari zake tu. Nati ya katikati waliifunga mpya, Fundi akaikaza gari likiwa limesimama chini, kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Jua lilikuwa bado juu walipotoka kwenda kujaribu.

Kwenye lami Mama Pacha alisikiliza. Kulikuwa na upepo, na matairi yakisugua barabara, na kile kikorokoro kilichopotelea ndani ya dashibodi miaka mingi. Ngurumo haikuwepo. Mumewe hakuuliza. Alikata kushoto, akakata kulia, akimtazama yeye badala ya barabara.

"Angalia mbele utatuua," akamwambia. "Hakuna kitu. Ni kimya."

"Kimya kabisa?"

"Baba Pacha, sijawahi kusikia gari kimya hivi."

Aliendesha mpaka mwisho wa lami, kilomita kumi bila safari ya kwenda popote, kisha wakageuza.

Jumamosi waliondoka mapema. Njiani walizungumza, maana sasa Fundi aliweza kusema, "Sikupata, rudia," bila kuzunguka, naye mkewe akarudia bila kuchoka. Alimweleza mengi yaliyompita kwa miaka miwili: aliyegombana na nani mtaani, mchungaji alisema nini siku ile watu wote walipocheka na yeye akacheka nao bila kujua anachokicheka. Hilo la mchungaji mumewe alitaka lirudiwe mara mbili.

Binti yao aliwapokea mlangoni, mtoto amelala begani. Mama Pacha alishika njia ya bombani kunawa mikono, lakini Fundi alisimama kwanza mbele ya binti yake.

"Mwanangu, ukiongea nami, kaa mbele yangu na uongeze sauti kidogo. Baba yako masikio yamechoka. Tutayashughulikia."

Binti alimtazama baba yake, kisha mama yake kule bombani, aliyekuwa akitabasamu na sabuni mikononi. Machozi yakamlenga. "Sawa, baba," akasema kwa nguvu, na mtoto akaamka, akaanza kulia kwa pumzi yake yote. Babu yake akanyoosha mikono ampokee, akakumbushwa kunawa, akaenda kunawa mbio.

Walikaa siku tatu. Vigauni vinane vilijaribiwa vyote, hata vile vya mwaka mzima, mtoto akapotelea ndani yake kama ndani ya hema. Mkwe wao alikuwa na pikipiki iliyopiga kelele ya ajabu ikipunguza mwendo. Jumatatu mchana Mama Pacha alitoka nje na kuisikiliza bila kuombwa, akasema inatoka nyuma, upande wa mnyororo, na mumewe akalala chini kwenye mkeka kuigusa. Mkwe aliwatazama wawili hao wakibishana juu ya pikipiki yake, akaingia ndani kumuuliza mkewe kama wazazi wake huwa hivi siku zote.

"Zamani walikuwa hivyo," binti akamjibu, akimbadilisha mtoto nepi. "Waache."

Siku ya kurudi, Mama Pacha aliomba usukani. Mumewe alimpa ufunguo, akarudisha kiti cha abiria nyuma, na kabla hawajafika mji wa pili alikuwa amelala mdomo wazi. Mbele barabara ilinyooka katikati ya mashamba yaliyokwisha vunwa. Mama Pacha alipandisha gia, akaanza kuimba peke yake, wimbo ambao hakuukumbuka ubeti wa pili, akaurudia wa kwanza.